Mwana na Walimu Wake: Taalimu ya Nyumbani katika Nyanda za Ufipa

Msafiri atokaye Sumbawanga kwa njia ya kusini, akielekea Laela na hatimaye Tunduma, hupita Kaengesa. Na jina hilo likitajwa mbele ya mwenyeji wa Rukwa, jambo la kwanza limjialo moyoni aghalabu ni seminari, ile ambamo vizazi kadhaa vya wavulana wa nyanda hizi wamesoma na kulelewa, wengine wakaendelea hata upadri, wengine wakatoka wakashika kazi nyingine za dunia. Heshima hiyo inastahiki, wala sina nia ya kuipunguza. Lakini pamoja nayo imeingia dhana ambayo naona ni wajibu kuipinga, nayo ni kwamba taalimu ilifika Ufipa siku ile kengele ya kwanza ilipopigwa na ubao wa kwanza ulipotundikwa, na kwamba kabla ya siku hiyo mtoto wa Kifipa aliota kama mti wa porini, akiokota maarifa popote yalipodondoka.

Mwalimu Nyerere aliikanusha dhana hiyo kwa taifa zima katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, aliposema kwamba kutokuwako kwa shule katika Afrika ya kale hakukuwa na maana kwamba watoto hawakufundishwa, kwa kuwa walijifunza kwa kuishi na kwa kutenda. Maneno hayo ni ya kweli, lakini wengi waliyapokea nusu: walielewa kwamba elimu ya nyumbani ilikuja yenyewe, pasipo mtu kuikusudia, jinsi usingizi unavyomjia mtu aliyechoka. Tarikhi ya Ufipa yatoa ushahidi mwingine. Hapa wazee walipanga. Walijua nani amfundishe mtoto, katika umri gani, jambo lipi litangulie na lipi lingoje, na kwa dalili zipi itajulikana kwamba fundisho limeshika. Na mpango huo ulikuwa madhubuti kiasi kwamba wamisionari walipofika na shule zao, kwa sehemu kubwa waliingia kwa mlango uliokwisha kufunguliwa na desturi.

Tuitazame nchi yenyewe kwanza, maana ndiyo iliyolazimisha mpango. Ufipa ni uwanda ulioinuka baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, penye baridi kali ya miezi ya Juni na Julai, miti michache, nyasi tele, na udongo ambao katika sehemu nyingi huchoka upesi usipotunzwa. David Livingstone alipita kando ya ziwa Tanganyika katika nchi hii mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho. Na Joseph Thomson, alipovuka nyanda za juu mwaka 1880, alikuta watu wakulima, wafumaji wa nguo za pamba, wapenda amani, akawasifu kwa hayo. Walikuwa chini ya falme mbili zilizotoka katika ukoo mmoja wa Watwa, Nkansi na Lyangalile, na Kaengesa iko katika nchi iliyokuwa ya Lyangalile. Watu wa udongo mchovu hawawezi kumwachia mtoto ajifunze kilimo kwa bahati. Akikosea yeye, hulala njaa nyumba nzima.

Mpango ulianza kwa mama, na haukukaa kwa mama muda mrefu. Kathleen Smythe, mwanahistoria aliyewahoji wazee wa Nkansi na kuchapisha kitabu juu ya jamaa za Wafipa mwaka 2006, aonyesha kwamba mtoto akishaachishwa ziwa aghalabu alihamia kwa bibi na babu, akala kwao na kulala kwao. Na alipokaribia umri wa miaka sita au saba alitoka tena, akajiunga na wenziwe wa rika katika nyumba ya kulala ya wavulana au ya wasichana. Mgeni angeweza kusema kwamba wazazi walimtupa mwana wao. Mimi naona walimgawia walimu. Mama ana mtoto mwingine mgongoni na shamba linamngoja. Baba ana mamlaka makubwa mno kuwa mtani wa mwanawe. Babu na bibi wana wakati, wana maneno, na desturi yawaruhusu utani ambao mzazi hana ruhusa nao. Kisha rika hufundisha lile ambalo hakuna mkubwa awezaye kulifundisha, yaani namna ya kuishi na mtu uliye sawa naye, asiyekulazimu kumtii na usiyeweza kumlazimisha.

Yaliyofundishwa usiku kwa bibi yalikuwa zaidi ya burudani. Hadithi za sungura zilikuwako, na vitendawili vilikuwako, lakini pamoja nazo mtoto alisikia habari ya Milansi, kijiji kinachohesabiwa kuwa asili ya nchi yote, na ya mfalme wake wa kwanza, ambaye wazee husema alishuka kutoka mbinguni. Mfalme huyo, husimulia, alikwenda kuwinda akamwonya mkewe kwamba wageni watakuja na wasipewe kiti chake. Wakaja wanawake wa Kitwa, wageni kutoka mbali, wakakaribishwa, wakakikalia kiti, na mfalme aliporudi alikuta utawala wa nchi umekwisha kuhama. Milansi ikabaki na heshima yake ya kale na mambo ya ibada, Watwa wakachukua enzi. Mtoto mdogo aliyelala akisikiliza habari hiyo alikuwa akifundishwa mambo mengi kwa mara moja: jinsi nchi yake ilivyogawanyika baina ya wenye asili na wenye dola, kwa nini mwene, yaani mfalme, anaheshimiwa na kwa nini Milansi nayo yaheshimiwa, na hatari iliyomo katika ukarimu usio na hadhari. Roy Willis, aliyekaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kukusanya hadithi hizo kwa wingi, aliijengea kitabu kizima hadithi hii ya Milansi, naye hakuwa mtu wa kupoteza wino juu ya porojo za watoto.

Pamoja na hadithi ilikuja adabu ya maneno. Mfipa wa zamani alimpima mtu kwa usemi wake kabla ya kumpima kwa mali yake, na salamu ilikuwa mtihani wa kila siku. Mtoto alipokutana na mkubwa njiani alitoka kando, akachuchumaa, akapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa kidogo hata sauti ikawa nzito na ya chini, akangoja aulizwe habari, akajibu moja baada ya moja pasipo kukimbilia mwisho. Aliyeharakisha aliambiwa arudie. Ajabu ya mafundisho haya ni kwamba hayakuwa na saa yake: kila mkubwa aliyepita njiani alikuwa mkaguzi, naye aliyeona kasoro akanyamaza alihesabiwa kuwa amemdhulumu mtoto na mzazi wake pia.

Sasa nije katika kilimo, ambako mpango ule waonekana kwa macho hata leo. Wafipa wana mtindo wao wa kurutubisha ardhi uitwao ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi zikiwa bado mbichi, mkulima hukata ukoka pamoja na mizizi na udongo wake, akaupindua na kuulundika ili nyasi ziwe ndani na udongo uwe juu, akafanya vichuguu vya mviringo vilivyopangana shamba zima. Juu yake hupanda maharage. Ndani ya vichuguu nyasi huoza miezi yote ya kiangazi. Mvua mpya zikianza, mnamo Novemba au Desemba, vichuguu hubomolewa na kusambazwa, mbolea ile ikaenea, na ulezi ukapandwa. Huu ni mzunguko wa karibu mwaka mzima, na humo ndimo ulimokuwa ustadi wa kufundisha: mtoto mdogo hakupewa jembe. Mwaka wa kwanza alikusanya nyasi zilizosalia nyuma ya wakubwa. Mwingine akapewa kufukia maharage kwa vidole. Baadaye akapewa kichuguu kimoja kiwe chake, chenye mipaka iliyojulikana, na hakuna aliyekigusa hata kilipokuwa kimekaa vibaya. Jibu lilikuja lenyewe siku ya kukibomoa. Ikiwa nyasi hazikufunikwa sawasawa, zilikutwa kavu, hazikuoza, na ulezi wa sehemu ile ulitoka mwembamba mbele ya macho ya wote. Baba hakuhitaji kukemea. Naamini kwamba mafunzo yanayomngoja mwanafunzi miezi minane kabla ya kumpa jibu hujenga subira ambayo mtihani wa dakika arobaini hauwezi kuijenga, na nasema hivyo nikijua kwamba mitihani ina kazi yake.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya chuma. Katika mashamba na vichaka vya Ufipa yangali yamesimama mabaki ya malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha karibu mita 3, ambazo hazikuhitaji mivukuto kwa kuwa upepo ulivutwa wenyewe kwa matundu yaliyoachwa chini. Tanuri moja lilimeza makaa na mawe ya chuma mengi mno, likawaka usiku na mchana. Na kilichotoka humo hakikuwa bado chuma cha kufulia, kwa hiyo kilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, kikasafishwa kwa moto wa mivukuto, ndipo kikaenda kwa mhunzi kuwa jembe au shoka. Jembe halikuwa chombo cha kulimia tu. Lilikuwa mali, na mahari ililipwa kwalo. Tanuri jipya lilifanyiwa mambo kama ya bibi harusi, wenye kazi wakijitenga na wake zao mpaka moto uzimwe, na mkuu wa kazi alikuwa na kikapu chake cha dawa ambacho yaliyomo ndani yake hayakusemwa hadharani.

Kazi ya namna hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja wala kujifunzwa kwa maneno. Vijana waliingizwa kwa upande wa makaa: kujua mti upi hutoa makaa yanayodumu, kuuchoma, kuyabeba bila kuyavunja; kisha kuchimba na kuchagua mawe; kisha kujenga, na mwisho kabisa, kwa wachache waliothibitika kuwa na kifua cha kutunza siri, mambo ya kikapu. Wako wasomi waliozitazama siri hizo kama ushirikina uliofunika ufundi. Mimi nasadiki zilikuwa pia ngazi za kufundishia. Elimu iliyogawanywa kwa daraja, ambayo mtu hapandi daraja la juu mpaka aaminiwe katika la chini, ina mpango. Na aliyeuweka alifikiri. Padri Wyckaert alipochapisha maelezo yake juu ya wahunzi wa nchi hizi mwaka 1914 alieleza wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo pia, jambo linaloonyesha kwamba ubatizo haukuizima kazi hiyo. Iliyoizima ni bidhaa. Majembe ya kiwandani yalikuja kwa bei ndogo, na mwaka 1937, wakati jarida la Tanganyika Notes and Records lilipochapisha maelezo ya uyeyushaji wa chuma wa Ufipa, ustadi ule ulikuwa tayari umeelekea machweo. Ufumaji wa pamba, uliomfurahisha Thomson, ulikwisha kwa sababu iyo hiyo.

Isidhaniwe kwamba Ufipa ilikuwa peke yake katika kupanga taalimu ya nyumbani. Pwani, mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa mafunzo ya dini, adabu na maisha ya ndoa, akijua kwamba maradhi hayangemwacha aishi kumfundisha kwa mdomo. Na Shaaban Robert naye aliwatungia wanawe tenzi mbili, ya Hati kwa binti na ya Adili kwa mwana wa kiume, baada ya kufiwa na mama yao. Tofauti iko katika chombo. Pwani ilikuwa na maandishi, na mzazi mmoja aliweza kuuweka mpango wote katika beti. Ufipa haikuwa na maandishi, ikauweka mpango katika watu, ikiwagawia zamu.

Mapadri Weupe walifika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885, wakipokea ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa kwa sehemu kubwa watoto waliokombolewa utumwani, wasio na mama, bibi wala rika, na kwa hiyo misheni ililazimika kuwajengea makao kabla ya kuwajengea darasa. Adriani Atiman, tabibu mashuhuri wa Karema, alikuwa ametoka katika msiba wa namna hiyo hiyo: alitekwa akiwa mdogo katika nchi za Niger, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa uganga huko Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Kutoka ziwani misheni zilipanda nyanda za juu, Kate, Mwazye, Chala na kwingineko, chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, ambaye mwaka 1913 alitoa kitabu kikubwa juu ya watu wa nchi hizi. Na katika vijiji yakazuka madarasa ya katekisimu chini ya mapaa ya nyasi, mwalimu akiwa kijana aliyewatangulia wanafunzi wake kwa mwaka mmoja au miwili tu.

Kwa nini wazazi wa Kifipa, baada ya kusita kwa mwanzo, walikubali kuwatoa watoto wao wakalale bwenini kwa watu wageni? Wengine hujibu kwamba waliogopa serikali, wengine kwamba walipenda nguo na chumvi. Smythe ana jibu lililo bora, nami naliafiki: kumtoa mtoto wa miaka saba akalale na wenziwe chini ya uangalizi wa mtu asiye mzazi wake lilikuwa jambo walilolijua tangu zamani. Padri na sista walikaa mahali pa babu na bibi. Kwa maana hiyo bweni la misheni lilirithi nyumba ya rika, na shule ikastawi Ufipa kwa sababu elimu ya nyumbani ilikuwa imekwisha kuwazoeza watu kumkabidhi mwana kwa mwalimu.

Lakini mrithi hakuchukua urithi wote. Tume ya Phelps-Stokes, iliyotoa ripoti yake juu ya Afrika Mashariki mwaka 1925, ilishauri shule zifuate maisha ya wenyeji, kilimo chao na kazi zao za mikono. Serikali ya Tanganyika ikatunga sheria yake ya elimu ya Waafrika mwaka 1927, na misaada ya fedha ikafuata masharti na ukaguzi. Bustani za shule zikalimwa. Nijuavyo mimi, bustani iliyolimwa kwa amri ya mwalimu, ambayo mazao yake mtoto hayali na makosa yake hayamletei njaa, haikuweza kuwa kichuguu chake mwenyewe. Na katika miaka hiyo hiyo pigo zito zaidi lilikuja kutoka upande usiotajwa sana katika vitabu vya elimu. Kodi iliwatoa wanaume nyumbani: wengine walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine dhahabu ya Lupa, wengine migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wakakaa huko miaka. Mvulana aliyefikia umri wa kukabidhiwa kwa baba alimkuta baba hayupo. Shule ililaumiwa kwa kukata mnyororo ambao kwa kweli ulikatwa na kodi, na lawama hiyo yaendelea kurudiwa mpaka leo pasipo haki.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda kwa kasi. Elimu ya msingi kwa wote ilitangazwa ianze mwaka 1977, na Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ikamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto aliyetimiza umri wa miaka saba. Ni umri ule ule ambao wazee wa Ufipa walimtoa mtoto kwa bibi na kumpeleka katika nyumba ya rika. Mwaka 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Ni neema kubwa, hasa kwa wasichana, ambao mpango wa kale, lazima tuseme kweli, uliwafungia njia nyingi, ukiwaacha nje ya kikapu cha chuma na ndani ya ndoa mapema.

Mzazi wa Kaengesa au wa mjini Sumbawanga anayetaka leo kumpangia mwanawe taalimu bora ya nyumbani husikia kwamba jambo hilo ni la kigeni, la watu wa Ulaya na Marekani wenye vitabu vingi na nyumba kubwa. Si kweli hata kidogo. Nyanda hizi zilikuwa na mtaala wa nyumbani kabla ya kuwa na dawati. Sheria imekwisha kumgawia mipaka: miaka ya kwanza kabla ya shule ni yake yote, na baada ya hapo amebakiwa na jioni, Jumamosi, na likizo. Katika miaka ile ya kwanza ndipo Kifipa hupokewa au hupotea, maana mtoto asiyekisikia kwa bibi kabla ya darasa la kwanza mara chache hukipata baadaye, na hadithi ya Milansi ikihamishwa lugha hupungukiwa na nusu ya maneno yake. Wazazi wengi sasa hukaa mbali na bibi. Nao wamwachie mtoto wiki nzima za likizo kijijini, asiende kwa siku mbili kama mgeni wa arusi.

Na kwa kilimo, kalenda yenyewe ina mahali pa kuingilia, ikiwa mtu ataitazama. Kulundika ntumba huangukia mwishoni mwa masika, siku za shule, kwa hiyo kazi hiyo ni ya Jumamosi, nayo yatosha Jumamosi mbili kwa mtoto mwenye vichuguu vitatu au vinne vyake mwenyewe, pamoja na maharage yake juu. Likizo ya Juni humpa nafasi ya kuchimbua kidogo pembeni mwa kimoja, aone jinsi nyasi zilivyobadilika rangi na harufu, kisha akifunike tena. Kubomoa na kupanda ulezi huja mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kulainisha udongo. Na huo ndio wakati wa mzazi kusimama kando, na kumwacha mwana asambaze kwa jembe lake alichokifukia tangu Machi.